Udi Kwenye Sare

Ilianza Jumapili moja, saa kumi alasiri, nikiwa darasa la tatu. Jana nilimwona mama akifukiza sare ya mdogo wangu, yakanirudia yote.

Kesho yake, Jumatatu, ilikuwa zamu yangu kusema hesabu za mara saba mbele ya darasa. Nilikuwa natoka barazani, naingia ndani, natoka tena. Kila nikifika saba mara nane nakwama.

"We mtoto, una siafu?" mama akauliza. "Hebu njoo ushike huku."

Tukaishika sare juu ya chetezo. Moshi wa udi ukapanda mzito, mtamu, nikazamisha pua kwenye kola. Niliamini ni dawa ya kumlainisha mwalimu.

"Mama, itafaa kweli?"

"Itafaa, inshallah. Vuta mkono huo!"

Sasa najua alimaanisha uvundo tu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, sare haikukauka.

Asubuhi, mimi mwenye haya zangu, nilinyoosha mkono kabla sijaitwa. Saba mara nane nikasema hamsini na nne. Nilichapwa mbili, nikanusa kola, nikaendelea mpaka mwisho.