Mimi Ndiye Niliyesema ni Nguruwe

Admin, ahsante kwa kunifichia jina. Na ninyi mnaosoma, nivumilieni. Nimefundisha fizikia miaka mingi hapa Tabora, na siwezi kusimulia jambo bila kulieleza.

Nina miaka sitini na nane, Mwislamu, babu wa wajukuu tisa. Nilipostaafu nilihamia shambani Itetemia, nikalima mahindi na karanga, mbegu nikizipanda kabla ya mvua. Misimu miwili mfululizo nguruwe pori walinimaliza. Wanakuja usiku, wanafukua mbegu mstari hadi mstari kana kwamba wao ndio waliozipanda. Tulipiga madebe, tukawasha moto, wakazoea. Ndipo mpwa wangu aliyeko Maskati akaniletea darubini ya joto, ile inayofungwa juu ya bunduki. Haihitaji mwanga. Kila chenye mwili wa moto unakiona cheupe, na ardhi iliyopoa inabaki nyeusi.

Bunduki ni ya Masanja (si jina lake), mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni baba wa watoto wanne. Ana kibali. Mimi nguruwe simgusi, kwa hiyo tulikubaliana apige, nyama iwe yake, mimi shamba langu lipone. Usiku wa kwanza aliangusha wawili. Akacheka sana: "Mwalimu, fizikia yako nimekuja kuielewa leo!"

Usiku wa tatu ulitanguliwa na mvua ya kwanza ya msimu, iliyonyesha jioni. Masanja alichungulia kwa muda mrefu, kisha akashusha bunduki.

"Mwalimu, kuna kitu pale kwenye kichuguu. Ila sura yake siielewi. Hakina miguu."

Akanipa niangalie. Bonge jeupe, chini kabisa, linatikisika. Nikamweleza kwamba mnyama akiinama kufukua, majani yenye maji humficha miguu.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nguruwe huyo. Piga kabla hajakimbia."

Akapiga. Tukasikia sauti ya mwanamke akimlilia mama kwa Kinyamwezi: "Mayo! Nakufa!"

Alikuwa Mama Kulwa, jirani yangu, mjane. Mvua ya kwanza ikinyesha kumbikumbi hutoka, na watu wa huku hujifunika blanketi juu ya kichuguu, tochi ikiwa ndani, wawakusanye. Blanketi lilimficha kichwa, mikono na miguu, likabaki donge la joto. Hakuna asiyeijua desturi hiyo. Mimi mwenyewe kila mwaka nakula kumbikumbi, na anayeniletea ni yeye. Usiku ule sikukumbuka. Nilikuwa nafundisha.

Yu hai, lakini mguu umekatwa chini ya goti. Masanja yuko mahabusu. Polisi walipofika aliwaambia, nami nimesimama palepale, "Mzee alikuwa amelala kibandani. Nimeona vibaya mwenyewe." Nikanyamaza.

Nilikwenda mahabusu kumwona Masanja. Alinipa shikamoo kwanza, kama tuko darasani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, usifungue mdomo. Kwa umri wako utafia humu. Niangalizie watoto tu." Mke wangu naye hasemi tofauti. "Ukisema, mguu utaota?" ananiuliza.

Juzi nilimpelekea Mama Kulwa sukari na unga. Alinishika mkono akalia. "Mungu akuweke, Mwalimu. Na yule Masanja alaaniwe, yeye na bunduki yake." Akanitazama, akingoja. Wanangu, niliitikia amina.

Tangu siku ile kila nikisujudu maneno yananikauka mdomoni. Wiki ijayo nimeitwa mahakamani kutoa ushahidi. Nikisema kweli, nitamfanya Masanja mwongo mbele ya hakimu, na huenda tukafungwa wote wawili, wanawe wabaki bila wa kuwatazama. Nikishika alichosema yeye, nitakuwa nimeapa uongo, na yeye atafungwa kwa neno langu.

Naombeni ushauri, bila matusi kama mnaweza. Siku hiyo nitakapowekewa Msahafu mkononi, na Mama Kulwa amekaa mbele yangu na magongo yake, niseme nini?