Mitetea Wanne wa Dobi

Mtaani walimwita Dobi, naye hakuchukia. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amefua mashuka ya hospitali, akiyachemsha, akiyaanika na kuyapiga pasi, na siku aliyostaafu aliondoka na mgongo unaouma na tabia moja ambayo hakuweza kuiacha: kila alichokiona lazima akioshe, akianike juani, au akitenge na kingine. Tabia hiyo akaihamishia kwa kuku wake, waliokaa nyuma ya nyumba.

Mkwe wake alihamia pale mwezi wa pili baada ya harusi, kwa kuwa mumewe, mtoto wa Dobi, alikuwa dereva wa lori na angeweza kumaliza wiki mbili barabarani. Alikuwa msichana mchangamfu mwenye cheti chake, muuzaji katika duka la dawa za mifugo, na hakuna ugonjwa wa kuku ambao hakujua chupa yake iko rafu ya ngapi. Alipowaona kuku ishirini na watatu wa mama mkwe wakichakura uani, moyo ukamwambia kwamba hapa ana mchango wa kutoa. Jioni ile ile akarudi na pakiti ya antibayotiki ya unga.

"Mama, nimewaletea kuku kinga. Unachanganya kijiko kimoja kwenye maji yao kila wiki."

Dobi akaigeuza pakiti huku na huku, akaisogeza mbali na macho apate kusoma. "Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, Mama. Ndiyo kinga yenyewe."

"Mwanangu, mimi nimefua mashuka ya watu waliozoea kumeza dawa hovyo. Walipokuja kuumwa kweli, dawa ikawa inawatazama tu. Hii irudishe dukani. Chanjo ya kideri mnayo?"

"Ipo."

"Hiyo ndiyo uniletee. Na ije na barafu yake, isipate joto njiani."

Mkwe akaichukua pakiti yake. Alikuwa amejiandaa kubishana na mama wa mizizi na majani, sasa mama mwenyewe anamwagiza chanjo. "Nilidhani hutaki dawa, Mama."

"Sitaki isiyo na kazi."

Maneno yakaishia hapo, lakini mkwe alilala na kinyongo kidogo. Alijiambia kwamba mama huyu ana bahati tu, na bahati haidumu.

Ila ukikaa nyumba moja na mtu, utaona mengi hata usipotaka. Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Dobi alikuwa bandani na reki yake, akigeuza maranda ya sakafuni ili yakauke. Kwenye kona yenye jua aliweka beseni pana la mchanga na jivu, na kuku wakajigaragaza humo kama watoto kwenye lundo la nguo safi, wakijitoa viroboto. Ndani ya viota alitandika majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya utitiri. Mboga zilizochakaa hakuzitupa chini. Alizifunga fungu na kuzining'iniza, kuku wakawa wanaruka kuzidonoa. "Wakikosa kazi wanadonoana," alisema. "Wako kama sisi wa kufua. Siku hakuna nguo, tunasengenyana." Kuku mgeni alikaa wiki tatu peke yake upande wa pili wa nyumba, mpaka Dobi aridhike naye.

Kilichomshangaza mkwe zaidi ni habari ya kuatamia. Mtetea mmoja akianza kulalia, Dobi alimwekea mayai ya bandia, akamdanganya hivyo siku kadhaa, huku akisubiri wengine nao wapate ari ya kulalia. Wakifika wanne au watano, ndipo anawapa wote mayai ya kweli siku moja, kila yai limeandikwa tarehe kwa penseli. Hivyo vifaranga wote hutoka pamoja, na kuwalea inakuwa kazi moja badala ya nne.

Msimu wa mvua kubwa mitetea wanne walikuwa wamelalia, siku ya kumi na mbili, wakati mambo yalipoharibika kule dukani.

Umeme ulikatika alfajiri. Dukani kulikuwa na vifaranga sitini walioanguliwa jana yake, mali ya mwalimu mmoja mstaafu, na barabara ya kwake ilikuwa imekatwa na maji. Taa za joto zilikuwa zimezima. Mwenye duka alileta jiko la mkaa, chumba kikajaa moshi, ikabidi litolewe nje. Kufika saa sita mchana vifaranga walikuwa wamejirundika pembeni wakilia ile sauti kali ya baridi, na watatu walikuwa wamekwisha kufa. Mkwe alizitazama rafu zake zilizojaa chupa, na kati ya zote hakuna hata moja iliyoweza kutoa joto. Akapiga simu nyumbani.

"Wana siku ngapi?" Dobi akauliza.

"Moja, Mama."

"Jaza chupa maji ya moto, zifunge vitambaa, ziweke katikati yao. Waje sasa hivi. Usisimame kusalimia mtu."

Alipofika na maboksi mawili chini ya mwavuli, roho mkononi, alikuta Dobi amejifunga kibwebwe na amepigilia mablanketi kwenye madirisha ya banda. Ndani kulikuwa kweusi tii.

"Mchana hawatawakubali," Dobi akanong'ona. "Wakidhani ni usiku, watafikiri wameangua wenyewe."

Ndipo mkwe alipouona ungo uliowekwa kando ya mlango. Ndani yake yalikuwemo mayai arobaini na nane, yote yana tarehe ya penseli, yanapoa.

"Mama! Mayai yako!"

"Nimeyaona. Kifaranga aliye nje analia, aliye ndani ya yai hajui kitu. Nipe mkono wako."

Wakafanya kazi kwa kupapasa. Dobi aliingiza kifaranga mmoja mmoja chini ya bawa, polepole, na mkwe akahisi kwa vidole vyake mtetea anavyojitanua, kisha anatoa ule mlio wa chini kooni ambao kuku huutoa kwa watoto wake tu. Mtetea wa kwanza akakubali. Wa pili akakubali. Wa tatu, aliyeitwa Karani kwa ukali wake, alimdonoa kifaranga kichwani kabla hawajamuwahi.

"Huyu hapana," Dobi akasema bila hasira, akambeba nje. "Si kosa lake. Hajamaliza siku zake."

Wa nne akakubali. Mitetea watatu wakafunika vifaranga arobaini na watano. Kumi na wawili waliobaki Dobi aliwaweka kwenye tenga, na chupa za maji ya moto, akakaa nalo mapajani jikoni, akibadilisha maji kila yalipopoa. Umeme ulirudi kesho yake asubuhi. Mkwe aliamka akamkuta mama mkwe ameketi pale pale, shingo imepinda, tenga kimya. Akadhani wamekufa. Akafunua kitambaa, na vichwa kumi na viwili vikainuka kwa pamoja.

Hamsini na wanne walifika wiki ya tano. Barabara ilipotengenezwa mwalimu akaja kuwachukua, akawatazama walivyo wepesi, wanavyokimbilia mende, akauliza ni dawa gani wametumia. Mkwe, muuza dawa mwenyewe, ndiye aliyemjibu, na alichukua karibu saa nzima: chanjo yenye barafu, maranda makavu, jivu, majani, na mitetea watatu. Mwalimu akaomba karatasi aandike. Dobi alikuwa kando akichagua mchicha, akijifanya hasikii.

Msimu ule Dobi hakupata kifaranga hata mmoja wa kwake, kwani hata Karani aligoma kurudi kwenye mayai yake, na hakulisema hilo kwa mtu. Mkwe ndiye aliyelisema, kwa jirani, kwa mwenye duka na kwa yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza, mpaka Dobi akamwomba apumzike.

Mvua zilipokwisha, mitetea watano wakapata ari. Safari hii mkwe ndiye aliyechagua mayai, akiyainua juani moja baada ya jingine kuona kama yana ufa. Akavunja mawili, Dobi akamwambia ana mikono ya kupiga pasi, inayokandamiza, si ya kufua. Mumewe alirudi siku hiyo hiyo na vumbi la safari, akaita mlangoni, hakujibiwa.

"Mama, mke wangu yuko wapi?"

"Yuko bandani," Dobi akasema. "Na wewe usiingie na hivyo viatu."

Mume akainama kufungua kamba za viatu. Kutoka nyuma ya nyumba alimsikia mkewe akimsema Karani kwa sauti ya upole kwamba avute subira, siku zake zitafika.