Togwa Iliyolala Kiabakari

Bustani ya mji wa Musoma, ile ya kando ya ziwa, ilikuwa na masharti saba kwenye ubao uliosimama langoni. Niliyajua yote bila kuyasoma, kwa kuwa nilipita hapo kila siku nikitoka Nyakato kwenda shule niliyokuwa nikifundisha. Usichume maua. Usiingize mifugo. Usiwashe moto. Usilete pombe. Mkusanyiko wa watu zaidi ya kumi uwe na kibali. Wenye kibali waache mahali pasafi. La saba lilikuwa saa ya kufunga.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na rangi haikupatikana madukani. Hata hivyo maandishi ya ubao ule hayakufifia. Mtunza bustani, mama wa makamo aliyevaa koti la kaki lenye viraka, alichanganya masizi na utomvu wa minyaa, na kila baada ya mvua kubwa alipitisha upya herufi zote kwa kijiti. Hakuna aliyemtuma. Nilimwona akiifanya kazi hiyo mara nyingi kabla hatujawahi kuzungumza.

Tulikuja kuzungumza kwa sababu ya dada yangu. Alikuwa ameolewa Bunda, na sasa ulikuwa mwezi wa sita tangu arudi kwa wazazi wetu Butiama na binti yake wa miaka mitatu. Ugomvi ulianzia kwenye kilo moja ya sukari. Aliipata kwenye duka la kijiji siku ya mgawo, akaificha chini ya nguo za mtoto, kwa kuwa mtoto alikuwa anaumwa na hakunywa uji mtupu. Mama mkwe wake aliikuta. Maneno yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko kilo moja. Wakwe walipeleka ujumbe Butiama: wazee wakae mara moja tu. Wasipoelewana, ndoa iishe na mtoto arudi kwa baba yake. Dada alijua kwamba kwa desturi yetu mtoto ni wa upande uliotoa mahari.

Shida ikawa mahali pa kukaa. Wazee wa Bunda hawakutaka kula Butiama, na wa Butiama hawakutaka kula Bunda, na suluhu kwetu haifungwi bila kula pamoja na kunywa chombo kimoja. Mimi ndiye niliyependekeza bustani, kwa kuwa haikuwa nyumba ya mtu.

Nilikwenda ofisi ya mji kuomba kibali. Karani aliuliza mwombaji ni nani. Nikiandika jina la baba, Bunda wangesema wameitwa. Nikiandika la baba mkwe, Butiama wangesema hivyo hivyo. Nikaandika jina la dada na la mumewe, moja chini ya jingine. Kwenye nafasi ya vinywaji nikaandika togwa, ambayo ikiwa changa si pombe. Karani akagonga mhuri.

Jumamosi saa nne sisi wa Butiama tulikuwa tumekaa chini ya miti na kuku wetu na ugali wa mtama. Wa Bunda walitakiwa kuwa wamefika Ijumaa jioni. Walifika saa sita, nyuma ya lori la pamba, na vumbi hadi kwenye kope. Dizeli ilikuwa imewaishia Kiabakari wakalala hapo. Na togwa yao, madumu mawili yaliyofungwa vizuri, ililala nao, ikashinda juani asubuhi nzima.

Mtunza bustani aliwapokea langoni. Alisoma kibali, akahesabu watu, kisha akaomba kifuniko cha dumu kifunguliwe. Kilitoka kwa mlio, povu likakifuata.

"Kibali kinasema togwa," alisema.

"Ni togwa, mama," baba mkwe alijibu. "Imetengenezwa juzi."

"Juzi ilikuwa togwa, mzee. Leo imekua."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alinusa tena kwa utaratibu.

"Hii haiingii."

"Sisi tumelala njiani, mama. Kosa ni la dizeli."

"Dizeli haikuandika ule ubao."

Mjomba mmoja wa Bunda akamvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia kwamba dumu moja lingeweza kuwa lake. Alimtazama bila hasira.

"Mimi nakunywaga, baba. Jumapili, kwangu. Hapa ni kazini."

Aliyabeba madumu mwenyewe, moja moja, akayaweka kivulini nje ya lango na kugeuza mifuniko robo ili yasipasuke. Nilivutiwa naye kwa hilo dogo: aliyakataa, lakini hakutaka yaharibike.

Miaka ya baadaye, biashara zilipofunguliwa, nilikuja kuona kreti za bia zikiingia kwa lango lile lile zikiwa na leseni. Yeye alikuwa amekwisha kustaafu. Siku ile sijui mtu ambaye angeweza kumhamisha kwenye msimamo wake.

Tulikula. Maneno yakasemwa, mengine yakarudiwa. Ikafika zamu ya kunywa na hapakuwa na kitu. Baba mkwe akaanza kusema kwamba labda ni ishara, turudi nyumbani tupange siku nyingine. Dada akamvuta binti yake mapajani na kumshika kwa mikono miwili. Siku nyingine isingekuwepo, tulilijua sote.

Mtunza bustani alikuwa amekaa kwenye kibao chake karibu na lango, anafungua chakula chake cha mchana. Ilikuwa chupa ya chai yenye uji. Alitazama kwetu, akaifunga tena, akaja nayo pamoja na kikombe kimoja cha bati.

"Uji haukukatazwa," alisema, akarudi kwenye kibao chake akiwa na njaa.

Kikombe kilianzia kwa wazee. Kikafika kwa dada, akanywa, akampa mama mkwe kwa mikono miwili akiwa amepiga magoti. Mama mkwe akanywa na kukunja uso.

"Hauna sukari."

Dada hakuinua macho.

"Mama, leo ningekuwa nayo ningeificha wapi?"

Baba yangu alifumba macho. Kisha mama mkwe akaanza kutikisika mabega, tukadhani analia, kumbe anacheka. "Huyu," alisema, "huyu ana kinywa." Akanywa tena, akampa mwanawe kikombe.

Tulipoanza kukunja mikeka, mtunza bustani alikuja na fagio mbili za chelewa.

"Wenye kibali wanafagia."

Akasoma majina mawili ya kwenye kibali. Shemeji yangu alimtazama baba yake. Mwanamume wa Bunda, mbele ya baba na wajomba zake, hafagii. Nikajitolea.

"Wewe mwalimu uliandika tu," aliniambia. "Haumo."

Shemeji akachukua ufagio. Alifagia vibaya, akirudisha majani pale dada alipokwisha kusafisha, na dada akamwonyesha kwa mkono: huku, siyo kule. Wajomba walitazama ziwa. Mtunza bustani akapita nyuma ya wafagiaji, akainama, akanyoosha kidole chini ya benchi. Palikuwa na mifupa ya kuku. Wote wawili wakarudi kufagia.

Nje, wa Bunda walikwisha kukabidhiwa madumu yao mbele ya mashahidi na kupanda lori. Dereva akawasha injini. Mama mkwe, akiwa ameketi juu ya magunia na binti wa dada mapajani, akagonga bodi kwa kiganja.

"Zima kwanza," alisema. "Mkwe wangu hajamaliza."