Leso Iliyokataa Upepo

Anayetaka kucheka na acheke sasa, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, na pombe sijapata kuionja maishani mwangu.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi mtu wa Mambrui nilikuwa dereva wa Mtaliano mmoja wa Malindi, Bwana Pino. Yeye starehe yake ilikuwa kuruka kwa bawa la kitambaa kilichotandwa juu ya mabomba membamba, lisilo na injini, ananing'inia chini yake kama popo. Watu wetu wakiliita tiara. Nilimvuta kwa gari na kamba ndefu kwenye uwanda mkavu wa Gongoni mpaka apae, aifungue kamba, kisha atafute hewa ya moto impandishe aende zake bara, maili na maili.

Kazi yangu ilikuwa kumfuata kwa gari, nimtangulie, nitafute mahali peupe, nisimike mti wenye kitambaa cheupe. Aliye juu hajui upepo wa chini unavuma wapi, hivyo hukitazama kitambaa. Lazima atue akiukabili upepo. Ukimsukuma kwa nyuma, atashuka mbio ajibamize. Uhai wake ulikuwa mikononi mwangu, naye akiniambia, "Rafiki, nakuamini wewe kuliko mawingu." Nilimpenda yule mtu, sifichi.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa tatu, kaskazi ikiishia, masika bado. Aliruka vizuri, nami nikavuka daraja la Sabaki, nikamtangulia hadi upande wa Jilore. Nikapata uwanja wa majani mafupi, nikasimika mti wangu. Upepo ulitoka baharini, kitambaa kikaelekea bara. Alhamdulillahi. Jua lilikuwa la utosi.

Kugeuka, namwona mwanamke katikati ya uwanja. Katokea wapi? Hapakuwa na hata kichaka! Kanipa mgongo, kainua leso kubwa nyekundu juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama!"

Kimya.

"Mama, tafadhali ondoka hapo, kuna mtu anashuka!"

Ndipo nikaitazama ile leso. Niamini, ilikuwa ikipepea kuelekea baharini. Kitambaa changu huku, leso kule, na upepo ni mmoja!

Juu, Bwana Pino alikuwa akizunguka. Nikamwona anasita, kisha anageuza bawa. Ameifuata leso! Nikapiga mayowe, nikavua shati nikampungia. Wapi! Nikamkimbilia yule mwanamke nimnyang'anye, huku najaribu kusoma Ayatul Kursi. Aya niliyoihifadhi tangu utotoni ikanipotea ulimini.

Hakugeuka. Akasema kwa upole, "Mwache aje, mwanangu. Nimemngoja."

Nikaurukia mkono wake, nikaanguka kifudifudi kwenye majani matupu. Bawa likapita juu yangu kwa kasi, upepo ukilisukuma, kisha nikasikia mabomba yake yakivunjika.

Hakufa. Alivunjika mgongo, na miguu haikumbeba tena. Nilipiga magoti kando yake nikilia, naye akanitazama akaniuliza, "Rafiki, kwa nini umenipungia leso?"

"Si mimi, Bwana Pino! Ni yule mwanamke!"

"Mwanamke gani? Nimekuona wewe peke yako katikati, leso mikononi. Nikakuamini."

Hospitalini nilimwapia kwa kila kiapo nikijuacho. Akageuzia uso ukutani. Alisafirishwa kwao bila kuniaga, na hadi leo wako watu Malindi wanaonong'ona kwamba nilitaka kumuua Mzungu wangu. Wallahi sikushika leso. Lakini yeye aliniona, na macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Basi nawe, ukimsalimu mtu jua la utosi asikuitikie, usimwongezee neno la pili. Usimsogelee, usishindane naye. Kama kuna umpendaye anakuja njia hiyo, muwahi huyo umzuie mbali. Maana atakalolitenda yule asiyeitikia salamu, wewe ndiye utakayeonekana ukilitenda.