Misumeno Miwili na Bega la Baba Mkubwa

Msumeno wa umeme wa baba mkubwa ulikufa Jumanne saa nne asubuhi, ukiwa katikati ya boriti. Ulitoa moshi kidogo, ukanuka kama waya unaoungua, ukasimama. Akabonyeza tena mara mbili, wapi. Akauchomoa kwenye umeme, akakaa juu ya rundo la mbao. Mtu mwingine angetukana. Yeye alisema tu, "Umenitangulia, mwenzangu," akajipangusa vumbi usoni kwa mkono wa kushoto.

Wa kushoto, kwa sababu wa kulia haupandi tena kupita kidevu.

Baba mkubwa ni fundi seremala, ana miaka hamsini na nane, na thelathini na moja kati ya hiyo ameimaliza kwenye mbao. Mtaani wanamwita Rula. Akikata ubao kwa jicho tu, weka rula pale, hakuna mwanga unaopita. Hilo ndilo jina, na analipenda, ingawa ukimwambia atakataa.

Bega lake aliliacha kwenye mapaa. Miaka yote hiyo amekata kenchi za nyumba za watu, msumeno mzito mkononi, mguu mmoja kwenye boriti na mwingine Mungu anajua wapi. Sasa asubuhi mama mkubwa ndiye anayemvalisha shati. Kwanza mkono mbovu, halafu mzima, halafu vifungo.

"Nyoosha," anamwambia.

"Si nimenyoosha?"

"Umenyoosha shingo. Nimesema mkono."

Daktari alimweleza bila kuzunguka. Mwaka mmoja zaidi wa kunyanyua vizito kule juu, na mkono huo utakataa hata kijiko. Baba mkubwa alirudi nyumbani na karatasi ya daktari, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Meza ikatulia. Yeye akaendelea na kazi.

Sasa msumeno umekufa, na kesho yake simu ikaita. Alikuwa msimamizi wa ujenzi, mtu waliyeanza naye kazi wakiwa vijana wembamba. Kuna bweni la shule, kenchi arobaini, boriti nene za inchi tatu. Anamtaka Rula. Anataka jibu Jumamosi, na fundi aje na mashine yake.

Uwezo wa kununua ulikuwa wa mashine moja tu. Kwa hiyo Alhamisi tulienda naye kwenye duka la vifaa.

Anayeuza pale ni dada mmoja mnene, mcheshi, ambaye anajua mashine kuliko mafundi wengi wanaomdharau.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Msumeno wangu umefariki."

"Poleni na msiba. Marehemu ameacha kazi gani?"

"Mapaa na milango."

Dada akatoa mashine mbili, akaziweka kwenye kaunta. Ya kwanza ilitua kwa kishindo, daftari likaruka.

"Hii ni dume la ng'ombe," akasema. "Bledi ya inchi tisa. Boriti ya inchi tatu inapita mara moja, hugeuzi ubao. Uzito ni karibu kilo nane. Hii nyingine bledi yake ni inchi saba, boriti yako haiimalizi kwa mkupuo mmoja. Lakini ni nusu tu ya uzito ule, na inatembea juu ya hii hapa."

Akavuta nyuma ya mlango reli ndefu ya alumini, ndefu kunizidi mimi. Upande mmoja ilikuwa na ukanda wa mpira mweusi. Akapitisha kidole hapo.

"Ukingo huu wa mpira ndipo bledi inapopita. Unaulaza juu ya mstari wako, unabana reli, unasukuma mashine. Haiyumbi. Hata mimi nikikata, utadhani ni wewe."

"Usinitukane, mwanangu."

"Basi baba, chukua zote mbili. Niachie kitambulisho. Nenda kajaribu, Jumamosi jioni nirudishie moja. Siuzii mtu mashine kwa maneno."

Ijumaa asubuhi akaanza na dume. Karakana yake ni bati nne na nguzo sita, jirani yake ni fundi vitanda ambaye kila kitu kwake ni sinema. Baba mkubwa akaweka boriti, akashika mashine, na kusema kweli, nilimwona amerudi ujanani. Ile mashine ilikula mbao kama siagi. Kipande cha kwanza kikaanguka, cha pili, cha tatu. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Cha nne kilipoanguka, hakuinyanyua tena mashine. Aliilaza kwenye paja, akakaa hivyo kidogo kama mtu anayefikiria, halafu akaiweka chini na kusema anaenda kunywa maji. Maji gani ya nusu saa? Nikamfuata nyuma ya karakana. Amesimama, paji la uso kwenye ukuta, mkono wa kulia ameubana chini ya kwapa la kushoto.

"Bega linasemaje, baba mkubwa?"

"Halisemi. Linapiga kelele tu."

Mchana akajaribu ya reli. Kulikuwa na mlango wa mteja, mbao ngumu, alishauunganisha kwa siku mbili na gundi imekauka. Ilibaki kukata chini ufike urefu wake. Akapima, akachora mstari, akalaza reli, akaibana. Akasukuma mashine kwa mkono mmoja, taratibu, bega halikuamka hata kidogo. Ukato ulitoka laini kama kioo. Fundi vitanda akapiga makofi.

"Rula kanunua rula!"

Baba mkubwa akacheka. Kisha akachukua futi, akapima mlango kwa mazoea tu. Akapima tena. Akageuza futi akaanza upande wa pili, kana kwamba mlango una urefu tofauti ukiuanzia kule.

Ulikuwa mfupi kwa vidole vinne.

Ilinichukua muda kuelewa. Msumeno wake wa zamani haukuwa na reli. Akitaka kunyoosha ukato mrefu, alikuwa anapigilia fito ndani ya mstari, vidole vinne kutoka kwenye alama, kwa sababu kutoka ukingo wa mashine ile mpaka kwenye bledi ni vidole vinne. Miaka thelathini na moja, vidole vinne. Dada alishamwambia kuwa reli inalazwa juu ya mstari wenyewe, na alisikia, akaitikia kabisa. Lakini mkono haukuwepo dukani. Mkono ulipima vidole vyake vinne kama kawaida, ukaweka reli pale, na jicho likauamini mkono.

Fundi vitanda akafungua mdomo aseme kitu, akaona uso wa mzee, akaufunga. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Jioni nyumbani hakula vizuri. Mama mkubwa alikuwa anakunja nguo kitandani, mlango wa chumba wazi, mimi niko sebuleni, kila kitu kinasikika.

"Mlango wa siku mbili nimeuua kwa dakika moja," akasema. "Hata mtoto wa wiki ya kwanza hakosei vile."

"Utatengeneza mwingine."

"Hujanielewa. Nikiwa na ile kubwa mimi ni fundi. Nikiwa na ile ya reli naanza moja. Kwa umri huu! Watu waje kunitazama najifunza kulaza chuma juu ya mstari?"

"Waje. Tutawawekea viti."

"Sifanyi mzaha."

"Hata mimi sifanyi." Nikasikia anaacha kukunja nguo. "Miaka miwili nakuvalisha shati, sijasema kitu. Sasa daktari kasema kijiko. Nikuvalishe, halafu nikulishe, halafu mchana nikuweke barazani kama nguo za kuanika? Nami nimechoka, mume wangu. Mtu mzima haoni haya kula, aone haya kujifunza?"

Nikasikia kitanda kinalia, mtu amelala na mawazo yake.

Jumamosi msimamizi alikuja mwenyewe karakanani na pikapu, kofia ya ujenzi kichwani kama vile nyundo zinaanguka kutoka mbinguni. Mashine zote mbili zilikuwa mezani. Akaenda moja kwa moja kwenye ile kubwa, akaipima mkononi.

"Eeh, hii ndiyo mashine. Jumatatu tunapanda, Rula."

"Mpande salama," baba mkubwa akasema.

"Mpande nani?"

"Nyie. Mimi mapaa basi."

Msimamizi akacheka, akingoja mwenzake naye acheke. Hakucheka.

"Wacha utani, bwana. Sasa utakula nini? Utakuwa fundi wa makabati ya vyombo?"

"Vyombo navyo vinahitaji pa kukaa."

"Bega?"

"Bega."

"Si unipe kenchi hizi arobaini tu, halafu upumzike?"

"Ulisema hivyo kwenye lile kanisa. Ukasema hivyo kwenye lile ghala." Alikuwa haongei kwa hasira, alikuwa anaongea kama mtu anayesoma orodha ndefu. "Mashine unayoitaka hiyo hapo. Leo jioni inarudi dukani. Inatafuta bega, sio fundi."

Msimamizi akavua kofia, akajikuna, akaivaa. Akampa mkono, wa kushoto, akijua. Akaenda kwenye pikapu. Hata mlango hajafunga, simu ilikuwa sikioni, na sauti yake huwa haijui kunong'ona: "We, uko wapi? Una nafasi Jumatatu? Bweni, ndiyo. Kenchi arobaini. Sawa, sawa, basi njoo."

Ikawa imekwisha. Miaka yote ile pamoja juu ya nyumba za watu, na nafasi yake ikajazwa kabla gari halijawaka.

Baba mkubwa alisikia kila neno. Alibaki amesimama mpaka pikapu ikakata kona. Kisha akaniambia nibebe ile kubwa niiwahishe dukani, nimlipe dada ile ya reli na nichukue kitambulisho, maana yeye leo hana miguu ya kwenda popote.

Niliporudi alikuwa ameshakata mbao mbili za mlango mpya. Mbili tu. Nilizipima kwa siri, zilikuwa sawasawa. Fundi vitanda naye alikuwa amezipima, niliona alama ya kidole chake kwenye vumbi.

Saa nane mchana baba mkubwa akafunga karakana, akaenda nyumbani, akalala na viatu. Mama mkubwa akamvua, akafunga dirisha ili jua lisimpige.