Siku ya Somoe Kuuona Mji

Mtu akipita ndiani, hapo njiani nje, akimwita mtoto wake kwa jina, mkono wangu husimama. Kama nakuna nazi, nazi itangoja. Wajukuu wangu wameshanizoea. "Bibi, kuna nazi," husema, "si wewe unayeitwa." Najua si mimi. Mimi niliitwa siku moja, zamani, katika vichochoro vya Amu, ndiyo Lamu, nikaitwa mpaka sauti ya aliyekuwa akiniita ikakauka, na sikuitika.

Asili yetu ni Matondoni, upande wa pili wa kisiwa hiki hiki. Msinicheke nikiwaambia kwamba katika miaka ile ya hamsini, Amu kwetu ndiyo iliyokuwa dunia. Matondoni tulikuwa na vyombo vya baharini, punda na samaki. Amu kulikuwa na ngome, maduka ya Wahindi, halua inayotoa moshi, na watu waliovaa viatu hata siku isiyokuwa ya Idi. Baba alikuwa kalafati. Kazi yake kutwa ilikuwa kuziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta, na hata akioga mara tatu alinuka mafuta ya papa. Mama alisuka mikeka. Watoto tuliosalia hai tulikuwa wawili tu: dadangu Somoe, na mimi, Rukia, niliyemfuata baada ya miaka sita na kudekezwa kupita kiasi.

Somoe alikuwa na wazimu mmoja, nao ulikuwa ndege. Si hawa wenye manyoya. Ndege ya Manda. Mara moja moja ilikuja ndege ndogo ya serikali kutua kwenye kiwanja cha Manda, kisiwa cha ng'ambo ya Amu, ikapita juu ya mikoko yetu ikinguruma, na hapo Somoe angeacha lolote alilolishika. Siku moja aliuacha wali motoni, tukala ukoko sote, na baba akacheka badala ya kugomba. Akamwahidi: "Kuna siku nitakupeleka Manda, uiguse kwa mkono wako." Baba alikuwa na rafiki aliyekata nyasi kiwanjani pale, kwa hivyo ahadi ile haikuwa ya kumnyamazisha mtoto.

Sasa niwaambie jambo ambalo mimi mwenyewe wakati ule sikulijua. Somoe alikuwa amevunja ungo. Desturi ya watu wetu ilikuwa msichana akishafika hapo hutawa: hukaa ndani, haonekani ndiani mpaka aolewe, na akishaolewa hutoka kwa buibui, tena kwa nadra na kwa shughuli maalumu. Mama alimwomba baba siku moja, moja tu, kabla ya kumtia mtoto ndani. Auone mji kwa uso wazi, atembee, atazame mpaka ashibe, na mwisho wake avuke Manda akaiguse hiyo ndege. Kesho yake angetawa. Wao watatu walilijua hilo. Mimi nilijua tu kwamba twaenda mjini kutembea, na kwamba ghafla kila mtu alikuwa akimpenda Somoe kuliko mimi.

Tuliondoka asubuhi maji yalipojaa, kwa mashua ya abiria, tukibanana na mikeka ya kuuzwa, mbuzi mmoja, na mama mmoja mnene aliyetapika safari nzima ingawa bahari ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Somoe alikalishwa mbele ili aone. Mimi niliwekwa karibu na mbuzi. Hapo ndipo kijicho kilipoanza kuniwasha.

Tuliposhuka Amu, baba alitangulia, sisi tukafuata, na mama ndani ya buibui lake akawa wa mwisho. Tukaitazama mizinga iliyoelekezwa baharini. Tukawaona wafungwa wakifagia mbele ya ngome, wakatuamkia kwa adabu kuliko watu wengi wasiofungwa. Katika duka moja la Mhindi kulikuwa na kioo kirefu kumpita baba. Somoe akasimama mbele yake, akajitazama kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, akageuka, akajitazama tena. Mama akashika pembe ya buibui akajifuta, akasema ameingiwa na vumbi. Vumbi gani, nikajiuliza, na usiku kucha mvua imenyesha!

Baba akamwambia Somoe achague leso. Akachagua.

"Na mimi?" nikauliza.

"Yeo ni siku ya dadako," akasema baba. Leo kwa Kiamu ni yeo. "Yako itakuya, inshallah."

Kwenye halua, kipande cha kwanza Somoe. Kwenye mkahawa mmoja kulikuwa na redio, mwanamke anaimba ndani ya sanduku, na mimi ningekaa pale mpaka ndevu zinitoke, lakini hapana, twende, Somoe ataka kuona mafundi wa dhahabu. Nikaburuta miguu. Nikanuna. Hakuna aliyeniuliza nimenunia nini, na kununa bila kuulizwa ni kazi ngumu sana kwa mtoto aliyedekezwa.

Ilipoadhiniwa adhuhuri baba akaingia msikitini. Alituagiza tukutane naye bandarini baada ya sala. "Mashua ya Manda haimngoji mtu," akasema, "na ndege yenyewe yarudi leo hii hii. Musichelewe."

Mama hakuweza kuipita njia kuu, kwa kuwa wanaume wakitoka kusali hujaa barazani. Tukapita ndani ndani, kwenye vichochoro, ambamo punda wawili wakikutana mmoja hana budi kurudi alikotoka, na ukiinua kichwa huoni mbingu ila ufito. Somoe alikwenda mbio mbele yetu. "Rukia, kaza mwendo! Ndoo, ndoo!" Ndoo kwetu ni njoo. Miguu iliniuma. Halua imeninata menoni. Leso sina. Tulipokata kona moja, wao wakaenda, mimi nikasimama.

Palikuwa na mlango ulio wazi, na harufu ya vitumbua ikitoka ndani. Amu ya siku zile mtoto hakuhitaji kualikwa. Nikaingia. Bi mmoja wa makamo alikuwa peke yake mbele ya jiko. Hakuniuliza mimi ni wa nani. Alinionyesha kigoda, akanipa kitumbua cha moto, kisha akaenda kuufunga mlango, akilalamika kwamba kuna punda wa jirani asiyekuwa na haya, huingia mpaka jikoni.

Kitumbua cha pili kilikuwa mkononi nilipomsikia. "Rukia! We Rukia!"

Ilikuwa sauti ya Somoe, na lazima iwe ya Somoe. Mama hakuweza kuita. Mke wa watu hapazi sauti mahali wanapopita wanaume wasio wake. Hata ningelikuwa nazama kisimani, mama yangu angelinitafuta kwa macho na kwa miguu, mdomo umefumbwa. Somoe alikuwa bado ahesabiwa mtoto, mpaka usiku ule. Basi kazi ya kuita ikawa yake. Sauti ilikuja, ikapita mlangoni, ikaenda mbali, ikarudi kwa kichochoro cha nyuma.

Yule bi akanitazama. "Si wewe uitwaye?"

"La," nikasema, kitumbua kimejaa mdomoni. "Mimi ni Zuhura."

"Basi huyo Rukia ana mtu ampendaye," akasema, akageuza vitumbua vyake.

Punde nikasikia sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyekerwa. "We mwanamwali! Huna haya kupiga makelele ndiani? Huna wenyewe?" Nikadhani Somoe ameondoka. Kisha akaanza tena, chini chini, sauti imepasuka: "Rukia, ndoo mamangu. Ndoo."

Wallahi nilitaka kutoka. Lakini nimeshasema mimi ni Zuhura, na sasa nitakuwaje Rukia mbele ya bi yule? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa kwa miaka mingi. Mbovu kuliko hiyo ni kwamba nilifurahi. Kutwa nzima sikutazamwa, na sasa mji wote wasikia jina langu. Nikakaa, nikala, nikasikiliza nikitafutwa.

Kilichonitoa ni mngurumo. Ulipita juu ya paa, sahani zikatetemeka ukutani, na bi akasema, "Ndege hiyo yaondoka." Niliufungua mlango nikatoka mbio. Somoe alikuwa mwisho wa kichochoro, amenipa mgongo, leso mpya imemwanguka mabegani, kichwa amekiinua kuutazama ule ufito wa mbingu. Ndege ilikuwa imeshapita. Kwenye uwazi mwembamba kama ule, ndege hupita kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Aligeuka akaniona. Nikaufunika uso kungoja kofi. Akanikumbatia, akanipapasa mikono na miguu kama mtu akaguaye chungu kilichoanguka, kisha akaniuliza kitu, lakini sauti haikutoka.

"Nilipotea," nikasema.

Somoe akaamini, na mama, aliyekuwa akinitafuta kwa macho kichochoro cha pili, akaamini pia. Bandarini baba alikuwa amekaa peke yake, mashua ya Manda ameiacha iende. "Alhamdulillahi, mtoto amepatikana," akasema, akaninyanyua. Halafu akamgeukia Somoe. "Iko siku nyingine, mwanangu." Mama akatazama upande. Somoe akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama kwamba siku hiyo ipo. Tulirudi na maji ya jioni, na njia nzima alinipakata.

Kesho yake nilichukua kata nikamwita twende kisimani. Mama akasema, "Dadako hatoki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mungu apende."

Nilikwenda kisimani peke yangu siku hiyo, na siku zote zilizofuata. Ndege iliponguruma, Somoe aliacha ukili aliokuwa akisuka na kunitazama tu, na mimi nikakimbia nje, nikarudi kumhadithia: rangi yake, mabawa yake, vipi iliinama. Nilitia chumvi. Nilisema rubani amenipungia mkono. Ndiyo kafara niliyoijua, na alikuwa akiisikiliza kwa adabu, macho yametua usoni pangu.

Somoe akaolewa na binamu yetu pale pale Matondoni, akazaa, akazeeka, na ndege ya Manda hakuigusa. Na mimi je? Zamu yangu ilipofika, mambo yalikuwa yamegeuka. Wasichana walikuwa wamepelekwa shule, baba akasema mtoto asome, na kule kutawa kwangu hakukumaliza hata mwezi. Nimepanda ndege kwenda Mombasa si mara moja. Husemwa kwamba majuto ni mjukuu. Huyo wangu ameshaota mvi.

Nilikaa na jambo lile mpaka Somoe alipoanza kuugua. Nikaenda Matondoni, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, nikamshika mkono. "Dada," nikamwambia, "siku ile mjini sikupotea. Nilikusikia. Niliingia nyumba ya watu, nikakaa nikala vitumbua, nikajiita Zuhura."

Akanitazama, kisha akacheka, kicheko kile chake cha kikohozi. "Wadhani sijui? Nilikuona, we mpumbavu! Umejibanza nyuma ya mlango, mguu wako watoka nje kama wa kuku. Nikakuacha makusudi. Nikasema moyoni, nikimshika huyu sasa hivi, nitarudishwa kwa mama, matembezi yamekwisha. Nikazidi kuita, ili nizidi kwenda. Nilifika Mkomani, nikafika Langoni, nikaingia mitaa nisiyoyajua majina yake, peke yangu, uso wazi, nikipiga kelele nitakavyo. Yule mzee alinigombeza, nikamgeukia nikamtolea ulimi. Ndege ni nini? Siku ile niliifaidi, Rukia. Usinililie bure."

Tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Nikambusu mkono, nikaondoka, na njiani nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Nilikuwa nusu ya njia nilipokumbuka kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Bi aliufunga kwa ajili ya punda, nami nilikuwa ndani kabisa, juu ya kigoda, karibu na jiko. Hapakuwa na mguu uliotoka nje. Hapana mtu kichochoroni ambaye angeweza kuniona. Somoe aliamini kwamba nimepotea, akaita kwa hofu ya kweli mpaka sauti ikakatika, na hadithi yote ile aliitunga pale pale kitandani, mgonjwa, ili mimi nilale usingizi.

Nikasimama njiani. Nilitaka kurudi nimwambie nimeujua uwongo wake. Sikurudi. Maisha yake yote aliniomba kitu kimoja tu, niitike nikiitwa, na sikuitika. Sasa alikuwa ananiomba niamini. Hilo angalau niliweza kujifanya.

Kila nilipokwenda kumwona, mpaka Mungu alipomchukua, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia, "Dada, hebu nihadithie tena ulipita wapi siku ile." Naye akanihadithia, na kila mara aliongeza mtaa mmoja.