Wali wa Bawshar

Kosa lilikuwa langu, ingawa aliyekula zaidi ni Njoroge.

Mume wangu na mimi tulikuwa wiki ya sita safarini, tukilala kwenye karavani na kula maharagwe ya mkebe. Tulipofika Maskati nikaapa siku hiyo nitakula chakula cha kupikiwa. Huko Bawshar, mtaa mmoja wa mji huo, nikaona lango liko wazi, magari yamejaa, viatu vimepangwa mlangoni, na harufu ya wali. Nikamwambia Njoroge, "Hii ndiyo hoteli ya kienyeji. Huku wateja hukaa chini, wanaume upande wao na wanawake upande wao."

Wanawake wakanipokea kwa kunikumbatia. Mmoja hata akalia kidogo begani mwangu. Nikasema moyoni, hapa mteja anathaminiwa. Mabuibui meusi hayakunishtua, nilikuwa nimeyaona mji mzima. Nikaletewa kahawa na tende, nami nikamwagiza binti mwenye birika aniletee wali wa mbuzi, pilipili iwe nyingi. Alinitazama sana, kisha akaenda kuuleta.

Nilipobakisha tonge moja, nikamgeukia bibi aliyekaa kando yangu, ambaye nilimsikia akizungumza Kiswahili cha Unguja.

"Bibi, mwenye mahali hapa yuko wapi? Nataka nimpongeze."

Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Tumemzika jana, mwanangu."

Hapo hapo sauti ya Njoroge ikaingia kutoka uani.

"Mama Ciru, waambie watufungie na ya kubeba."